UZI: Andrey Voronikhin, mchoraji aliyezaliwa mtwana na kujenga Kanisa la Kazan, St. Petersburg

Kalamu na Rula (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila tukizungumzia wasanifu majengo wakubwa wa dunia hapa jukwaani, majina ni yale yale ya Italia, Ufaransa na Uingereza. Leo naleta Mrusi. Anaitwa Andrey Nikiforovich Voronikhin, aliyezaliwa 1759 na kufariki 1814. Alikuwa mchoraji kabla hajawa msanifu, na alikuwa mali ya mtu kabla hajawa mtu huru. Ukipita barabara kuu ya Nevsky pale St. Petersburg, kanisa lenye safu ya nguzo iliyojikunja nusu duara kuelekea barabarani ni kazi yake.

Naweka hoja yangu mezani mapema ili mnibishie vizuri. Watu wengi husema Kanisa la Kazan ni nakala ya Basilika la Mtakatifu Petro la Roma. Mimi nasema si nakala, na kilicholiokoa lisiwe nakala ni jicho la mchoraji alilokuwa nalo aliyelibuni. Nitaieleza hoja hiyo nikifika kwenye jengo lenyewe. Kwanza tumjue mtu.

Alizaliwa Usolye, mkoa wa Perm, kandokando ya mto Kama karibu na milima ya Ural. Eneo hilo lilikuwa la ukoo wa Stroganov, matajiri waliotajirika kwa chumvi. Walichimba visima, wakavuta maji ya chumvi kutoka ardhini, wakayachemsha na kuuza chumvi Urusi nzima. Ni ukoo huo huo uliomgharamia Yermak na jeshi lake kuivamia Siberia katika karne ya 16. Utajiri wao ulikuwa wa kutisha, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilikuwa ni watu.

Wakulima wengi wa Urusi wakati huo walikuwa watwana. Walifungwa kwenye ardhi ya bwana, na bwana aliweza kuwauza, kuwahamisha, kuwaamulia ndoa, au kuwapeleka jeshini. Mfumo huo ulifutwa 1861, Voronikhin akiwa kaburini miaka 47. Yeye alizaliwa ndani yake. Ulikuwepo uvumi wa muda mrefu kwamba baba yake halisi alikuwa mmoja wa mabwana wa ukoo wa Stroganov, lakini ubini alioubeba ni wa Nikifor Voronikhin, mtwana kama wengine.

Kijana alionekana ana mkono mwepesi wa kuchora. Akaanza kwenye karakana ya wachora picha takatifu huko huko nyumbani, kisha 1777 akapelekwa Moscow kujifunza. Miaka miwili baadaye akahamia St. Petersburg, kwenye nyumba ya Count Alexander Sergeyevich Stroganov mwenyewe. Huyu bwana mkumbukeni, maana atarudi kila hatua ya uzi huu. Alikuwa mkusanyaji mkubwa wa picha, vitabu na madini, na kuanzia 1800 alikuwa rais wa Chuo cha Sanaa cha Dola.

Naendelea kwenye chapisho linalofuata, msinikatize bado.

Kalamu na Rula

Sehemu ya pili: safari na uhuru.

Count Stroganov alikuwa na mwana, Pavel, aliyelelewa na mwalimu Mfaransa aitwaye Gilbert Romme, mtu wa hesabu. Voronikhin aliungana nao wakazunguka Urusi, naye akichora alichokiona. Katikati ya miaka ya 1780 akapewa hati ya uhuru. Kisha 1786 wote watatu wakaondoka kwenda Ulaya, wakakaa Uswisi na Ufaransa hadi 1790.

Angalieni miaka hiyo, wakuu. Mapinduzi ya Ufaransa yalilipuka 1789 na wao wakiwa Paris. Kijana Pavel, mrithi wa mojawapo ya mali kubwa kuliko zote Urusi, akajiunga na klabu ya Wajakobino, wanamapinduzi wenye msimamo mkali, kwa jina la kubuni. Malkia Catherine wa Urusi alipopata habari akaamuru arudishwe nyumbani haraka. Romme alibaki, akawa mbunge wa Mapinduzi, ndiye aliyeongoza kazi ya kuunda ile kalenda mpya ya Jamhuri, na mwaka 1795 alipohukumiwa kifo akajichoma kisu mwenyewe.

Voronikhin alikuwa katikati ya hayo yote, mtu aliyetoka utwana juzi tu, akisikia mitaani kwamba watu wote huzaliwa huru. Wanahistoria wa sanaa humalizana na miaka hii kwa sentensi moja, "alisomea usanifu Ulaya", halafu wanapita. Mimi naona ni miaka iliyomjenga. Alirudi Urusi akiwa anajua majengo ya Ufaransa ya wakati huo: kuta tulivu, nguzo nzito, mapambo kidogo. Mtindo huo wa kurejea Ugiriki na Roma ya kale ndio alioushika hadi mwisho.

Aliporudi aliendelea kukaa kwa Stroganov, safari hii kama mtu huru anayefanya kazi. Jumba la Stroganov pale Nevsky lilijengwa na msanifu Rastrelli miaka ya 1750 kwa mtindo wa baroko, wenye mapambo mengi ya kujikunjakunja. Voronikhin alipewa vyumba vya ndani avitengeneze upya, ikiwemo ukumbi wa picha na chumba cha kuhifadhia madini. Baada ya kuumaliza ule ukumbi akauchora kwa rangi za maji, mwaka 1793. Picha hiyo ipo hadi leo kwenye makumbusho ya Hermitage. Mwaka 1797 Chuo cha Sanaa kikampa cheo cha mwanataaluma. Na hakukipata kwa usanifu, alikipata kwa uchoraji wa perspektivu, yaani ule wa kuonyesha umbali na kina kwenye picha, kwa picha ya nyumba ya mapumziko ya Stroganov ambayo aliijenga yeye mwenyewe.

Yaani anajenga, kisha anakichora alichokijenga, na anatuzwa kwa mchoro. Hapo ndipo mzizi wa hoja yangu ulipo.

Nyundo

Mkuu, nimekusoma hadi hapa na nina swali la moja kwa moja. Huyu hakupanda kwa kubebwa? Bwana wake ni rais wa Chuo cha Sanaa, bwana wake ndiye mwenye nyumba, bwana wake ndiye anayemlipa. Kwetu tungeita undugu. Wasanifu wengine waliokuwepo walikosa kazi ya Kazan kwa sababu hiyo au si kwa sababu hiyo?

Kalamu na Rula

Mkuu Nyundo, swali ni la haki na nalijibu kwa mambo yalivyokuwa.

Tsar Paul wa Kwanza alitaka kanisa kubwa la kuweka picha takatifu ya Mama wa Mungu wa Kazan, picha inayoheshimiwa sana na Waorthodoksi wa Urusi. Aliwahi kufika Roma na alitaka kanisa lake lifanane na la Mtakatifu Petro. Mwaka 1799 kukawa na mashindano. Waliingia Charles Cameron, Mskoti aliyejenga jumba la Pavlovsk, Thomas de Thomon, Mfaransa, na Pietro Gonzaga, Mwitaliano bingwa wa kuchora mandhari ya majukwaa ya tamthilia. Mchoro wa Cameron ndio uliokubaliwa mwanzoni. Kisha mwezi Novemba 1800 mambo yakageuka: ukapitishwa mchoro wa Voronikhin, na Count Stroganov akawekwa kuongoza kamati ya ujenzi.

Kwa hiyo ndiyo, mlango ulifunguliwa na Stroganov. Hakuna namna ya kulikana hilo, na watu wa wakati ule walilisema waziwazi. Voronikhin hakuwa amewahi kujenga jengo kubwa la umma hata moja.

Lakini jiulize mtwana wa zamani angepitia mlango gani mwingine. Cameron na Thomon walikuja Urusi kwa sifa walizopata kwao, wakapokelewa. Mtoto wa Usolye hakuwa na sifa ya kumtangulia popote. Mfumo uliomfanya awe mali ya bwana ndio uliomwachia njia moja tu ya kupanda, nayo ilipita kwa bwana huyo huyo. Mimi simhukumu kwa mlango alioingilia. Namhukumu kwa jengo, na jengo limesimama.

Mwashi Dodoma

Tuletee jengo sasa. Mimi ni wa saruji na nondo, nataka kujua lilivyojengwa.

Kalamu na Rula

Sehemu ya tatu, na hapa nitakaa.

Tatizo lilianza kwenye kiwanja. Katika makanisa ya Kiorthodoksi madhabahu huwekwa upande wa mashariki, na mlango mkuu unakuwa magharibi. Barabara ya Nevsky, pale kiwanja kilipo, inapita upande wa kaskazini. Maana yake ukijenga kanisa kwa utaratibu, linaipa barabara ubavu. Mtu anayepita kwenye barabara kubwa kuliko zote jijini ataona ukuta mrefu wa pembeni, na uso wa kanisa umeangalia mtaa mdogo.

Pale Roma, Bernini, aliyebuni uwanja wa mbele ya Basilika la Mtakatifu Petro, hakuwa na tatizo hilo. Nguzo zake 284 zimesimama mbele ya uso wa basilika na kukumbatia uwanja. Ukinakili hiyo na kuileta St. Petersburg jinsi ilivyo, unakwama siku ya kwanza, kwa sababu uso wa kanisa hauko barabarani.

Voronikhin alifanya hivi. Alichukua ubavu wa kaskazini akaupa baraza kubwa lenye nguzo, kana kwamba ndio mlango mkuu. Kutoka kwenye baraza hilo akatoa mikono miwili ya nguzo, mmoja kulia na mwingine kushoto, ikijikunja nusu duara kuelekea Nevsky. Nguzo 96 kwa jumla, za mtindo wa Korintho. Mwishoni mwa kila mkono akaweka lango pana la kupita, moja upande wa mfereji na jingine upande wa mtaa. Mlango wa kiibada ukabaki magharibi kama sheria ya kanisa inavyotaka, na mbele yake akauzungushia uwanja mdogo kwa uzio wa chuma cha kusubu, kazi nzuri mno inayosahaulika kwa kuwa watu wote wanaangalia nguzo.

Sasa fikirini kama wachoraji. Mtu wa perspektivu anajiuliza mtazamaji amesimama wapi. Mtazamaji wa Kanisa la Kazan anatembea Nevsky. Kila hatua anayopiga, nguzo zinasogeleana na kuachana, uwazi kati yake unafunguka na kufunga, na kuba linapanda katikati juu ya yote. Ule mwili mrefu wa kanisa nyuma haumsumbui tena kwa sababu haonyeshwi. Kuba la Kazan lina urefu wa mita zipatazo 71 kutoka chini, si kubwa kama la Roma, lakini ukisimama barabarani linaonekana limekaa sawasawa katikati, ingawa unalitazama ubavuni. Mchoraji aliutengeneza mtazamo kwanza, kisha akajenga jengo la kuutimiza.

Mkuu Mwashi, haya yako: nguzo za nje na kuta zimevikwa jiwe la Pudost, linalochimbwa karibu na Gatchina, nje kidogo ya jiji. Jiwe hilo likitoka ardhini ni laini, unaweza kulikata kwa msumeno. Likikaa kwenye hewa linakuwa gumu. Ndani kuna nguzo 56 za graniti ya waridi kutoka upande wa Ufini, zimesuguliwa hadi zinang'aa, zina vichwa vya shaba nyeusi vilivyopakwa dhahabu. Na kuba lilijengwa kwa fremu ya chuma, miongoni mwa ya kwanza kabisa duniani kwa ukubwa huo. Kipenyo chake ni zaidi ya mita 17. Mwaka 1801 hicho kilikuwa kitu cha kuthubutu.

Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 1801. Paul alikuwa ameshauawa na wala njama mwezi Machi, kwa hiyo aliyeliweka ni mwanawe Alexander. Kanisa likawekwa wakfu Septemba 1811. Miaka kumi. Count Stroganov alisimama kwenye ibada hiyo, na siku kumi na mbili baadaye akafariki.

Jambo jingine ninalolipenda: Stroganov na Voronikhin walishikilia kazi ifanywe na mafundi wa Urusi kwa mawe ya Urusi. Kiongozi wa wachonga mawe alikuwa Samson Sukhanov, mtu aliyetoka kwa wakulima. Shaba ilisubiwa na Vasily Yekimov, ikiwemo milango ya upande wa kaskazini, ambayo ni nakala ya milango maarufu ya mchongaji Ghiberti ya Florence. Na maelfu ya mikono iliyobeba na kukata jiwe ilikuwa ya watwana. Yule aliyesimamia mchoro alikuwa mmoja wao miaka ishirini tu nyuma. Sijasoma popote alichohisi, lakini mimi nikiliangalia lile jengo siwezi kulisahau hilo.

Bint Shela

Kaka, ahsante sana. Hili la madhabahu na barabara nimelielewa mara moja, sisi tuliokulia pwani tunalijua kwa kibla. Msikiti unaelekea kibla, mtaa unaelekea unakotaka, na fundi ndiye anayepatanisha hapo katikati. Ndiyo maana misikiti mingi ya zamani huku ukiingia unahisi umegeuzwa kidogo na mtaa. Kwa hiyo mimi nakuunga mkono: anayesema ni nakala ya Roma hajawahi kupewa kiwanja chenye masharti mawili yanayogombana.

Swali langu: upande wa kusini je? Kaskazini kuna nguzo, kusini kuna nini?

Kalamu na Rula

Dada Bint Shela, umegusa palepale. Alichora safu ya pili ya nguzo upande wa kusini, iwe pacha wa ile ya kaskazini. Haikujengwa. Vita ya 1812 dhidi ya Napoleon ikaingia, fedha zikaenda huko, na baada ya vita hapakuwa na wa kuliendeleza. Kwa hiyo jengo tunaloliona ni nusu ya mawazo yake. Hata mbele, kwenye ncha za mikono ya nguzo, yaliandaliwa majukwaa ya sanamu za malaika wakuu wawili za shaba. Zikawekwa za plasta za muda, zikaondolewa miaka ya 1820, na za shaba hazikuja kamwe. Majukwaa yale matupu bado yapo.

Vita hiyo hiyo ndiyo iliyolipa kanisa maana nyingine. Jemadari Kutuzov, aliyeongoza jeshi la Urusi dhidi ya Napoleon, alizikwa humo Juni 1813, na bendera na funguo za miji zilizotekwa zikatundikwa kuzunguka. Voronikhin aliishi kuyaona hayo.

Mzee wa Leningrad

Vijana, shikamooni kwa kazi hii nzuri, ingawa kwa umri wangu ninyi ndio mngenisalimu. Nilisoma pale jiji likiitwa Leningrad. Wakati wetu Kanisa la Kazan halikuwa kanisa. Tangu 1932 lilikuwa Makumbusho ya Historia ya Dini na Ukanamungu. Tulipelekwa humo kama wanafunzi. Mwongozaji alieleza makosa ya dini zote mmoja baada ya mwingine, nasi tulikuwa tunaangalia zile nguzo za waridi juu yake. Nguzo zilikuwa zinasema jambo jingine kabisa. Nasikia ibada zilirudi 1991.

Na uwanja ule wa mbele una historia yake. Maandamano ya kisiasa ya Desemba 1876, mwanamapinduzi Plekhanov akihutubia akiwa kijana mdogo, yalifanyika pale pale kati ya ile mikono miwili. Tulifundishwa hilo darasani kabla hatujafundishwa jina la aliyeujenga uwanja.

Mleta uzi, usisahau Taasisi ya Madini. Rafiki zangu wa jiolojia walisoma humo.

Kalamu na Rula

Shikamoo Mzee. Nilikuwa naielekea.

Taasisi ya Madini ipo kisiwa cha Vasilievsky, ukingoni mwa mto Neva, na aliijenga 1806 hadi 1811, sambamba na Kazan. Kwangu hili ndilo jengo lake lenye nguvu kuliko yote, ingawa halipigwi picha sana. Ni nguzo 12 za Kidoriki, mtindo wa kale wa Kigiriki, nene, fupi, nzito, juu yake pembetatu tupu isiyo na pambo. Chanzo chake ni mahekalu ya Wagiriki pale Paestum, kusini mwa Italia. Nyuma ya uso huo mmoja kuna majengo kadhaa ya zamani aliyoyaunganisha.

Mbele ya ngazi kuna sanamu mbili. Moja ni Pluto, mungu wa kuzimu, akimteka Proserpina kumpeleka huko, kazi ya Demut-Malinovsky. Nyingine ni Herakles akimnyanyua Antaeus, kazi ya Pimenov. Antaeus alikuwa mwana wa Dunia, na nguvu zake zilitoka ardhini kila alipoigusa. Chuo cha watu wanaotafuta utajiri chini ya ardhi, mlangoni kwake hadithi mbili za ardhi. Wakati huo meli zilizotoka baharini zilipita hapo kwanza kuingia jijini, kwa hiyo wageni walipokelewa na hizi nguzo.

Zingine nazitaja haraka. Jumba la Pavlovsk liliungua Januari 1803, na aliyeitwa kulifufua ni yeye. Ndiyo, jumba la Cameron, yule ambaye Voronikhin alimpokonya kazi ya Kazan. Alirudisha vyumba kwa kuheshimu walivyokuwa wameviacha wenzake, na akaongeza chake kimoja, Chumba cha Taa cha 1807, maktaba ndogo ya Malkia Maria Feodorovna yenye ukuta wa kioo uliojikunja kuelekea bustanini. Ndani ya chumba hicho ndipo unapomwona mchoraji tena, kwa jinsi mwanga unavyoingia. Peterhof, jumba la kifalme, ana zile kolonadi (safu za nguzo) mbili pembeni mwa chemchemi kubwa, na mwamba ambao juu yake sanamu ya Samson inampasua simba taya. Alibuni pia samani, vase za mawe ya Ural na Siberia, na chemchemi za barabarani.

Nyundo

Nimekuelewa mkuu, hoja ya mlango nimeiacha. Ila maisha yake binafsi hujagusa. Alioa nani huko, na aliendelea kuchora au usanifu ulimmeza?

Kalamu na Rula

Alioa 1801, mwaka ule ule wa jiwe la msingi. Mke wake alikuwa Mwingereza, Mary Long, binti wa mchungaji, naye alikuwa mchoraji wa ramani za majengo aliyefanya kazi kwenye ofisi yake. Kwa hiyo kwenye meza ile ya Kazan kulikuwa na mkono wa mwanamke pia, na natamani watafiti wangelifuatilia hilo kwa bidii zaidi.

Uchoraji wa picha za kutazamwa na watu ulipungua, ndiyo. Baada ya 1801 michoro yake mingi ni ya kazi: sehemu za kuba, vichwa vya nguzo, uzio, vase. Alifundisha pia Chuo cha Sanaa. Baada ya kanisa kuwekwa wakfu alipewa nishani ya Mtakatifu Anna na pensheni, akaishi miaka miwili na miezi michache tu. Alikufa Februari 1814 kwa kalenda yao ya zamani, akiwa na miaka 54, akazikwa kwenye monasteri ya Lavra ya Alexander Nevsky.

Anayetaka kumwona kama mchoraji atafute picha mbili: ule ukumbi wa picha wa Stroganov wa 1793, na nyumba ya mapumziko ya 1797, iliyopo Makumbusho ya Urusi. Kwenye ya kwanza angalieni nguzo za pembeni zinavyoongoza jicho hadi mwisho wa chumba. Kisha fungueni picha yoyote ya Kanisa la Kazan iliyopigwa kutoka ukingo wa Nevsky, mziweke pembeni kwa pembeni, mniambie mnaona nini. Nasubiri majibu yenu, hasa yako Mwashi.

Mwashi Dodoma

Nimeziweka, mkuu. Nguzo ya kwanza kubwa karibu na jicho, zinazofuata zinapungua kwa mpangilio, na mwisho kuna kitu cha mviringo juu. Ni mkono mmoja. Nakubali kwamba si nakala ya Roma. Ila fremu ya chuma ya lile kuba hujaieleza vya kutosha, mimi nalifungulia uzi wake kwenye jukwaa la ujenzi.